Ziwa Ndani ya Mtungi

Januari 2024 nilipakata tangi la kioo kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Nililinunua Kariakoo kwa muuza samaki wa mapambo. Ukubwa wake ulikuwa kama wa kreti la soda, na pembeni lilikuwa na ufa ambao yeye aliuziba kwa gundi na mimi nikautumia kuteremsha bei. Nilipofika nyumbani Ujiji, Mama alilizunguka mara mbili, kisha akauliza samaki wako wapi.

"Sifugi samaki, Mama. Nafuga chakula cha samaki."

Hakujibu. Alinitazama kama mtu anayepiga hesabu ya ada aliyolipa tangu chekechea mpaka chuo kikuu.

Mama anauza dagaa Kibirizi. Kabla jua halijachomoza anakuwa ameshapanda daladala, na akirudi jioni kanga yake inanuka ziwa. Shahada yangu ya kwanza ililipwa nusu kwa mkopo wa serikali na nusu kwa dagaa. Hii ya uzamili inalipwa kwa dagaa peke yao. Kwa hiyo alikuwa na kila haki ya kuuliza mtoto wake, anayesomea historia, anafanya nini na tangi tupu.

Tasnifu yangu inahusu wapagazi na wapiga makasia waliowatumikia wakusanyaji wa viumbe wa Ziwa Tanganyika kati ya 1858 na 1905. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimekaa maktaba nikisoma majina ya Kilatini ya konokono, uduvi na vijidudu wa ziwa hili, viumbe ambao sikuwahi kuwatazama hata mara moja ingawa nimezaliwa mwendo wa dakika kumi kutoka wanapoishi. Nikaona aibu. Tangi lilikuwa njia yangu ya kuipunguza.

*

Tarehe 14 Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Ujiji. Vitabu vinasema ndio Wazungu wa kwanza kuliona ziwa. Neno "kuliona" linahitaji uangalifu hapo. Burton alikuwa hoi kwa homa, miguu haimbebi. Speke alikuwa anaumwa macho kiasi cha kukaribia upofu. Wenyeji walikuwa wakivua humo vizazi na vizazi, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikwishafika kabla yao. Njia yenyewe waliyopita ilikuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa.

Mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, kumwomba mfanyabiashara mmoja, Sheikh Hamed, amwazime jahazi. Njiani, usiku mmoja, dhoruba ililichezea hema lake. Alipowasha mshumaa apange vitu vyake, wadudu walijaa, na mbawakawa mmoja akamwingia sikioni. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa. Mdudu akazidi kuchimba. Mwisho akachokonoa kwa ncha ya kisu. Mdudu alikufa, lakini sikio likatunga usaha, na kwa miezi kadhaa vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta. Jahazi hakulipata.

Huyo ndiye kiumbe mdogo wa kwanza kuingia katika historia iliyoandikwa ya ziwa letu, na aliingia kwa mlango wa sikio.

Wa pili waliingia kwa mfuko. Miongoni mwa vitu vilivyorudi Uingereza kulikuwa na makombe ya konokono na ya kome kutoka ufukweni. Mwaka 1859 mtaalamu wa makombe, S. P. Woodward, alichapisha maelezo yake. Konokono mmoja leo anaitwa *Spekia zonata*, kwa heshima ya Speke. Kome mmoja anaitwa *Grandidieria burtoni*, kwa heshima ya Burton.

Niliposoma hayo nilijiuliza swali la kitoto: ni nani aliyeyaokota? Mmoja hawezi kutembea, mwingine haoni vizuri. Lakini msafara ulikuwa na watu wenye macho na miguu mizima. Alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akafika India, akarudi na kuwa mkalimani na mkono wa kulia wa Speke. Walikuwapo wapiga makasia, watu wa ziwa, ambao kila jioni waliruka majini kuuvuta mtumbwi ufukweni, nyayo zao juu ya makombe hayohayo. Niliandika aya nzima juu ya jambo hilo. Msimamizi wangu aliizungushia duara jekundu na kuandika neno moja: "Ushahidi?"

Alikuwa sahihi. Speke na Burton walikuwa na uhuru wa kuokota makombe hayo wao wenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba katika orodha zote nilizopitia, nimekutana na konokono wa Speke, kome wa Burton, samaki wa Moore na samaki wa Cunnington. Konokono wa Bombay sikumkuta.

*

Wakati Burton na Speke wanafika Ujiji, London ilikuwa katika homa ya kufuga viumbe wa majini. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alikuwa ameonyesha kwamba samaki wa dhahabu, mmea wa majini na konokono wachache wanaweza kuishi pamoja katika chombo kimoja bila maji kubadilishwa kila siku: mmea unatoa hewa, konokono anakula uchafu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya matangi kwa umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya matangi hayo, na kila sebule yenye uwezo ikataka kipande chake cha bahari.

Katika mji huohuo, mwaka 1880, tangi la maji ya moto la kukuzia mayungiyungi makubwa kwenye bustani ya Regent's Park lilikutwa limejaa yavuyavu wadogo. Watu wa pwani wanawajua yavuyavu, wengine huwaita konyeza: kiumbe kama mwavuli wa ute, anayewasha ukimgusa. Kila mtu alijua yavuyavu ni wa baharini. Hawa walikuwa wanaogelea katika maji baridi yasiyo na chumvi, chini ya jani la yungiyungi, katikati ya jiji. E. Ray Lankester, mwanazuolojia mashuhuri, alikuwa miongoni mwa waliowaeleza.

Miaka mitatu baadaye, 1883, Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu ndani ya Ziwa Tanganyika. Hakuishi kuona habari zake zinavyopokelewa. Alifariki Katanga mwaka 1884, hajafikisha miaka thelathini. Mwaka 1893 R. T. Günther alimpa kiumbe huyo jina la *Limnocnida*. Wakati huo London ilikwisha kupokea pia makombe kutoka kwa Edward Coode Hore, nahodha wa Jumuiya ya Wamisionari ya London aliyeweka makazi Ujiji mwaka 1878. Konokono mmoja aliyemtuma, *Tiphobia horei*, ana miiba mirefu kama konokono wa miamba ya bahari. Ukimweka kwenye meza ya wauza makombe wa Zanzibar, hakuna mtalii atakayemshuku.

Ukiweka yavuyavu na konokono wa miiba pamoja, wazo linajileta lenyewe: ziwa hili lilikuwa bahari. Lankester aliunga mkono msafara wa kwenda kulichunguza, na kijana J. E. S. Moore akatumwa. Alifika ziwani mwaka 1896, akarudi tena katika safari ya 1899 hadi 1900, na mwaka 1903 akachapisha kitabu alichokiita *The Tanganyika Problem*. Hoja yake ilikuwa kwamba konokono wa ziwa wanafanana na visukuku vya enzi ya Jura, na kwamba zamani sana bahari ilifika hadi hapa, ikaondoka, ikaacha watoto wake nyuma.

Nakiri kwamba niliipenda nadharia hiyo. Mtoto wa Ujiji anayekua akiambiwa kwamba kwao ni mwisho wa reli anapenda kusikia kwamba kwao palikuwa bahari.

*

Nilianza na maji ya ziwa. Mjomba ana hisa katika chombo cha dagaa, na usiku mmoja usio na mbalamwezi alinichukua. Zamani waliwasha karabai. Siku hizi ni taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Unazima injini, unawasha taa, unasubiri. Baada ya muda maji chini ya taa yanaanza kuwa na vumbi. Mjomba alinionyesha kwa kidole. "Hilo vumbi ndilo linakuja kwanza," alisema. "Dagaa wanafuata vumbi. Migebuka wanafuata dagaa. Sisi tunafuata wote."

Nilikuwa nimeshona kijaruba kwa soksi ya nailoni ya kike, mdomoni nimekitia waya, mwishoni nimekifunga chupa ndogo. Nilikiburuta ndani ya lile vumbi. Kwenye chupa, kwa tochi ya simu, vumbi lilikuwa na miguu. Wengi walikuwa kopepodi: punje ndogo kuliko chumvi laini, jicho moja tu katikati ya kichwa, vipapasio viwili virefu vilivyonyooshwa kama mikono ya mtu anayepita juu ya gogo. Anatulia, anatulia, halafu ghafla anaruka na hujui amepita wapi. Spishi inayotawala ziwa hili, *Tropodiaptomus simplex*, ilielezwa mwaka 1909 na Mnorwe G. O. Sars kutokana na sampuli za msafara wa W. A. Cunnington wa 1904 hadi 1905.

Usiku huohuo Mjomba alichota kitu kwa ndoo na kuniita. Alikuwa yavuyavu, mpana kama sarafu ya shilingi mia mbili, karibu haonekani. Ulichoona ni ukingo wake unaofunga na kufungua. "Hiki hakiuziki," Mjomba alisema, akarudi kwenye nyavu. Nilikaa na ile ndoo mapajani mpaka alfajiri.

Yavuyavu alikufa kabla ya adhuhuri. Alilainika, akawa kama ute wa bamia, kisha hakuwapo. Kopepodi waliishi siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wametua chini ya tangi kama unga. Nilijaribu tena mara mbili, na mara mbili nikamwaga maji yanayonuka nyuma ya nyumba. Nilianza kuelewa kwa nini akina Moore walisafiri na spiriti. Walihitaji viumbe wa kuhesabia miguu na meno, na kwa kazi hiyo mfu anafaa kuliko aliye hai. Mimi nilitaka walio hai, na ziwa lilikuwa halikubali kukaa sebuleni.

Nikageukia madimbwi. Kusini mwa Ujiji, kuelekea delta ya mto Luiche, kuna mashamba ya mpunga na mashimo ya maji yasiyokauka. Mama aliruhusu kwa sharti la mabuti na glavu, kwa sababu kichocho anakijua. Nilirudi na ndoo ya maji ya kijani na magugu yake. Tangi likachangamka siku hiyohiyo. Walikuwapo ostrakodi, ambao ni kama kunde zinazoogelea; hidra, mwenye mikono kama nyuzi, akining'inia kwenye jani; ruba mmoja; viluwiluwi vya mbu, ambavyo kwa ajili yao Mama alikata kipande cha chandarua kuukuu na kulifunika tangi lote, akanionya kwamba mbu akitoka humo nitatoka naye. Lakini waliotawala walikuwa viroboto wa maji: wanene, wa mviringo, wanaopanda na kushuka kwa kurukaruka kama watoto wanaocheza kamba. Majike wana mfuko wa mayai mgongoni, na kwa sababu mwili wao ni angavu, unawaona watoto ndani. Baada ya wiki mbili sikuweza kuwahesabu.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote. Katika chupa zangu tatu za ziwani sikuwa nimemwona kiroboto wa maji hata mmoja.

*

Nilirudi kwa Cunnington. Yeye ndiye aliyekwenda na swali la Moore na kulijibu kwa subira. Alikusanya uduvi, kaa, kopepodi, mwani, kila kitu, akavigawa kwa wataalamu mbalimbali, na mwaka 1920 akachapisha ulinganisho wa maziwa makuu ya Afrika. Jibu lake ni kwamba bahari haihitajiki. Ziwa limejitenga kwa muda mrefu sana, na viumbe wake wamebadilika humohumo mpaka wakafanana na wa baharini, kwa kuwa maji mengi, mawimbi na miamba ni yaleyale. Tena kufikia wakati huo yavuyavu walikwisha kuripotiwa Ziwa Viktoria, ambako hakuna aliyedai bahari. Leo umri wa Ziwa Tanganyika unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Enzi ya Jura iliisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Bahari ya Moore ilikwisha kuondoka kitambo kabla bonde lenyewe halijapasuka.

Katika kazi hiyohiyo Cunnington alishangazwa na pengo nililoliona sebuleni: kundi la viroboto wa maji, ambalo limejaa katika maziwa karibu yote duniani, halikuonekana katika maji ya wazi ya Tanganyika. Mimi nilihitaji soksi ya nailoni na aibu kuyafikia maneno yake. Nilicheka peke yangu, halafu nikafanya jaribio ambalo halitaingia katika tasnifu yoyote. Nilitia ngege mmoja mdogo, urefu wa nusu kidole, ndani ya tangi la dimbwi.

Mpaka jioni viroboto wa maji walikuwa wamekwisha. Kopepodi wachache wa dimbwini walibaki. Nilimtazama ngege akijaribu: anawasogelea, nao wanaruka, hawapo. Kiroboto wa maji hana ruko la namna hiyo. Anapanda na kushuka palepale, mnene, na mayai yake yanaonekana.

Kwa tangi langu hilo ni jioni moja tu, na kwa ziwa haithibitishi lolote. Lakini kuna jaribio kubwa zaidi ambalo binadamu walilifanya bila kukusudia, na halikufanyika mbali. Ziwa Kivu, lililo baina ya Kongo na Rwanda, halikuwa na samaki wa kuishi katikati ya maji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lumbu wa Tanganyika, mmoja wa wale tunaowaita kwa jumla dagaa, alichukuliwa akapandikizwa huko. Alifanikiwa. Leo watu wa Bukavu, Goma na Gisenyi wanamla kwa jina la sambaza. Na kiroboto mkubwa wa maji aliyekuwa akiishi Kivu, *Daphnia curvirostris*, alitoweka. Kuna wataalamu waliowahi kufikiria kwamba kemia ya maji yetu ndiyo inayowafukuza viroboto hawa. Baada ya Kivu ni vigumu kutomtilia shaka dagaa.

Nilikuwa nimetumia mwaka mzima nikijiuliza nani aliokota makombe. Sasa nilianza kufikiri juu ya samaki ambaye ndiye aliyenisomesha, na ambaye pengine kwa mdomo wake mdogo aliamua nani aishi katika ziwa zima na nani abaki dimbwini. Katika vitabu vya wasafiri, dagaa anatajwa kama kitoweo.

*

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa lilifungwa. Nchi zinazolizunguka zilikuwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, na upande wetu zuio lilidumu mpaka 15 Agosti. Nilirudi nyumbani Juni. Kibirizi, ambako kwa kawaida huwezi kutembea bila kukanyaga dagaa wa mtu, chanja zilikuwa tupu. Mama alikuwa anauza vitumbua mlangoni.

Hakulalamika juu ya ada. Alikuwa na swali, nalo aliniuliza mimi kwa sababu ndiye msomi aliyekuwa karibu. "Tukiacha miezi mitatu, watarudi?"

Nilimweleza nilichokuwa nimesoma. Kwamba dagaa akipewa nafasi anazaa haraka, kwa hiyo mapumziko yanaweza kusaidia. Lakini kwamba mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha ziwa limepata joto, na maji ya juu yenye joto hayachanganyiki vizuri na ya chini. Rutuba iko chini, katika ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470. Upepo wa kusi wa miezi hii ndio unaoivuta juu ili mwani uote, kopepodi wale mwani, dagaa wale kopepodi. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, na hilo linaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliochimba matope ya sakafu ya ziwa, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi wa kibiashara kuanza.

"Kwa hiyo si sisi."

"Ni sisi pia, Mama. Lakini si sisi peke yetu."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Hao kopepodi unaowataja kila siku, sijawahi kuwaona. Januari uliniletea maji yanayonuka tu."

Nikamwambia wanakufa. Akaniuliza nawaweka wapi. Nikaonyesha tangi, karibu na dirisha, jua la saa nane likiwa limeligonga. Mama alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyelipa ada nyingi.

"Maji ya ziwa ukiyaweka kwenye kioo juani yatakufa. Yaweke mtungini."

Mtungi ulikuwa wa Bibi, umekaa pembe ya jikoni tangu tununue friji. Aliuosha yeye mwenyewe, bila sabuni. Mtungi unatoa jasho, na jasho likikauka maji ndani yanapoa. Nilijifunza hilo shuleni katika fizikia na nilikunywa maji yake utoto wangu wote, na sikuunganisha hayo mawili. Usiku ule nilipanda mtumbwi wa abiria wa jamaa yetu hadi mbali kidogo na ufuko, bila wavu, na kijaruba changu cha soksi ambacho hakuna zuio linaloweza kukiita zana ya uvuvi. Kusi ilikuwa inavuma, tukarudi tumelowa. Nilimimina chupa yangu mtungini, Mama akafunika kwa sahani.

Siku ya tatu walikuwa hai. Siku ya tano pia.

Usiku wa sita umeme ulikatika. Mama alinikuta jikoni nikitazama mtungi kwa tochi ya simu bila kuona kitu, kwa sababu mtungi ni mweusi ndani. Alichota maji kwa glasi, akaiweka juu ya meza, na pembeni yake akaweka ile taa ndogo ya sola anayoendea sokoni alfajiri. Tukasubiri kama nilivyosubiri na Mjomba. Baada ya muda punje zikaanza kukusanyika upande wenye mwanga. Alisogeza taa upande wa pili. Zikasita, kisha zikaanza kuhama, moja moja, kwa kuruka na kutulia.

Miaka thelathini amenunua samaki waliovuliwa kwa taa. Alisogeza taa tena, akarudisha, macho yake sawa na ukingo wa glasi.

"Kumbe ni hawa," alisema.

Nilitaka kumweleza habari za Sars na Cunnington, na jina la Kilatini. Nikaacha. Aliuliza wanakula nini, nikamwambia mwani. Aliuliza wanaishi siku ngapi, wanazaa vipi, mchana wanakwenda wapi. Nikamwambia mchana wanashuka gizani, usiku wanapanda. Akasema wavuvi wanasema hivyohivyo juu ya dagaa. Nikachukua daftari la tasnifu na kuandika alivyosema, na pembeni, kwa ajili ya duara jekundu, nikaandika jina lake kamili, tarehe na mahali: jikoni, Ujiji.

Asubuhi alinituma nirudishe maji ya mtungi ziwani kabla jua halijawa kali.